Mkokoteni wa Ikombe

Bibi yangu Yunis anasema bibi yake yeye, Rut, alikuwa na masikio ya swala. Alikuwa akifinyanga, mikono yote miwili ndani ya chungu, halafu ghafla anatulia, na kila mtu pale uani anatulia naye. Alikuwa anasikiliza makasia. Makasia ya mvuvi yana uvivu wake. Yanapiga, yanapumzika, mtu anatema mate ziwani, anaanza tena. Makasia ya mtumbwi wa serikali hayapumziki. Rut akiyasikia hayo alimwangalia tu mume wake, Gideoni, na Gideoni alikuwa ameshaanza kupanda mlima.

Wakati huo alikuwepo Mjerumani, kama mwaka mmoja na kitu kabla ya vita ile kubwa ya kwanza. Ikombe mnaijua ilivyo. Ukishapita Matema mlima unashuka mpaka majini, na watu wamejibana hapo katikati, kati ya jiwe na maji. Huwezi kwenda popote bila mtumbwi. Wanaume wanavua, wanawake wanafinyanga vyungu, na vyungu vinavuka ziwa kwenda kuuzwa Mwaya na Kyela na kwingineko. Lakini hata kwenye kipande kile kidogo cha nchi serikali ilifika, ikichukua wapagazi.

Gideoni alikuwa amechukuliwa mara mbili. Mara ya pili aliondoka na kaka yake Raphaeli, wakarudi Gideoni na kibuyu cha Raphaeli. Kibuyu tu. Begani Gideoni alirudi na kidonda ambacho kilikuwa kinafunga juu na kuoza ndani. Nilimuuliza bibi, Raphaeli alifia wapi? Bibi akasema hata Rut hakuambiwa. Gideoni alikuwa mtu wa kuamini kwamba kuna mambo ukiyataja yanakusikia.

Kwa hiyo kila siku Rut alikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa na hesabu rahisi: mara ya kwanza alirudi mzima, mara ya pili alirudi nusu.

Sasa Jumapili moja, watu wametoka ibadani Matema, wakamkuta karani amesimama juu ya jiwe nje ya kanisa. Jina lake Andongwisye, kijana wa huku huku bondeni, mama yake alikuwa analima mpunga, lakini alikuwa amevaa kofia ya boma na viatu vilivyomfinya.

"Sikilizeni!" akasema. "Bwana mkubwa wa boma amechoka na vichwa vyenu. Anataka magurudumu."

Watu wakaangaliana. Akaendelea kusema kwamba mtu mmoja mwenye mkokoteni anasukuma mizigo ya wapagazi wanne, kwa hiyo serikali inataka mikokoteni ienee. Atakayenunua kwa mwenye duka wa Mwaya atapunguziwa theluthi ya bei. Juu yake atapewa kopo la grisi bure, kamba bure, na doti ya kaniki kwa ajili ya mke wake.

"Na kubwa kuliko yote," akatoa karatasi mfukoni akaiinua juu, "cheti. Mwanamume mwenye mkokoteni hachukuliwi upagazi mwaka mzima."

Bibi anasema Rut hakusikia bei, hakusikia grisi wala kaniki. Alisikia mwaka mzima.

"Lakini kuna sharti," karani akasema. "Mkokoteni niuone kwa macho yangu, umesimama nyumbani kwa mnunuzi, magurudumu mawili, kabla mwezi mwingine haujaandama. Aliyenunua nisipoukuta kwake, hakuna cheti, na jina lake litakuwa la kwanza kwenye orodha ya wapagazi. Serikali haichezewi."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Na wewe karani, unapata nini?"

"Napata raha ya kuwaona mnacheka."

Wakacheka kweli. Lakini kila mtu alikuwa anajua. Karani alikuwa amemwambia bwana mkubwa kwamba mikokoteni mitano itasimama kuanzia bondeni mpaka Ikombe. Ikisimama mitano, anapewa zawadi. Ikipungua, anavua kofia na kujipanga na wapagazi. Ndiyo maana, bibi anasema, alikuwa anacheka huku jasho linamtoka puani.

Njiani kurudi, jirani yake Rut, Anyosisye, mfinyanzi mwenzake, alikuwa hana mbavu.

"Mkokoteni Ikombe! Utausukuma wapi, dada, juu ya migongo ya samaki?"

Rut akazidi kutembea.

"Na hiyo grisi utampaka nani? Mumeo, Baba Veronika?"

"Nitampaka mwili mzima," Rut akajibu, "ili wakija kumshika ateleze."

Anyosisye akaacha kucheka. Alikuwa na mume pia.

Fedha zilikuwepo. Rut alikuwa amezifukia chini ya mahali pa kukaushia vyungu, misimu mitatu ya kufinyanga, na zilikuwa za kununua ng'ombe. Usiku mmoja na mchana mmoja yeye na Gideoni walibishana, Gideoni akitaka ng'ombe. Mwishowe Rut akamwambia, "Ng'ombe nitamkamua peke yangu?" Hapo Gideoni akaenda kuutoa mtumbwi.

Walibeba vyungu kumi na viwili vya kuuza, wakafika Mwaya kesho yake. Mkokoteni ulikuwa mbele ya duka, umepakwa rangi ya kijani, magurudumu yake ya mbao yanafika magotini, yamevishwa pete ya chuma. Rut akauzunguka. Halafu akakunja kidole akaligonga gurudumu, ko, ko, akainamisha sikio.

Mwenye duka akacheka. "Mama, hicho si chungu."

Rut akaona haya. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe. Mtu wa ziwa hili hanunui chungu bila kukigonga. Kikilia kama kengele kimeiva, kikilia kama ubao kina ufa. Hata leo mimi nikienda sokoni nagonga, sijui nilifundishwa lini.

Wakalipa. Jina la Gideoni likaandikwa. Wakapewa kopo la grisi, kamba, na ile kaniki. Rut akauliza, "Na Ikombe utafika lini?"

"Nani, mimi?"

"Mkokoteni."

"Mama, bei niliyokupunguzia ni ya hapa dukani. Kuufikisha kwako ni shauri lako."

Hilo karani hakulitaja pale juu ya jiwe.

Mtumbwi wa Gideoni ulikuwa mwembamba, wa mtu na vyungu vyake. Mtumbwi mpana pale Mwaya ulikuwa mmoja, wa mzee anayeitwa Asajile. Asajile akautazama mkokoteni kama mtu anayeangalia ng'ombe mgonjwa, akasema anataka vyungu vitano vikubwa vilivyojaa mpunga.

Hapa lazima nieleze. Kwetu chungu kinauzwa kwa ujazo wake. Unataka chungu changu, unakijaza nafaka, mimi nachukua nafaka, wewe unachukua chungu. Asajile alikuwa anataka chungu na nafaka yake vyote viwili.

"Asajile, baba, hapo unaniuzia mkokoteni mara ya pili," Rut akasema.

"Mimi siuzi mkokoteni, mwanangu. Nauza mgongo wangu. Pale mdomoni mwa mto Lufilyo kuna mamba anajua mpaka jina la marehemu baba yangu."

"Punguza basi."

"Mwambie mamba apunguze."

Mpunga hawakuwa nao. Fedha zilikuwa zimekwisha. Mwezi ulikuwa umeshakuwa mkubwa na umeanza kuliwa. Gideoni akakaa chini mchangani, mkono begani pale kwenye kidonda, akasema polepole, "Tumejiandikisha wenyewe, mama Veronika. Jina langu sasa ni la kwanza."

Rut akaviangalia vyungu vyake kumi na viwili, ambavyo havijauzwa bado. Akafungua kopo la grisi.

Alifanya hivi. Alifunika kila mdomo wa chungu kwa majani ya mgomba, akapaka grisi pembeni, akazungushia udongo, akafunga kwa vipande vya ile kaniki mpya alivyovichana kwa meno. Gideoni akaelewa bila kuambiwa, akaanza kukata mianzi. Wakatengeneza chelezo cha kuelea, vyungu chini, mianzi juu, mkokoteni katikati, kamba ya bure ikishika kila kitu. Magurudumu waliyatoa wakayalaza juu ya mianzi ili uzito ukae chini. Asajile alikuja kutazama, akatikisa kichwa, akasema, "Kyala Mungu awatangulie," akaondoka haraka kama mtu asiyetaka kuulizwa baadaye aliona nini.

Kulipopambazuka wakaingia majini, Gideoni mbele kwenye mtumbwi anavuta, Rut nyuma yake anaangalia vyungu. Mwanzo ziwa lilikuwa laini. Rut alikuwa anavihesabu kumi na viwili, anarudia, kumi na viwili. Wakaupita mdomo wa mto Mbaka salama. Jua lilipokuwa utosini wakafika Lufilyo, na pale maji ya ziwa yanageuka rangi, yanakuwa kama chai ya maziwa, na mto unasukuma huku wimbi linarudisha.

Rut aliona gogo.

"Baba Veronika, gogo hilo."

"Nimeliona."

"Linakuja."

"Gogo linafuata mto."

"Mto unakwenda kule. Lenyewe linakuja huku."

Gideoni akaacha kupiga kasia. Gogo nalo likasimama. Bibi Yunis akifika hapa huwa anashusha sauti, na mimi kila mara navuta miguu yangu juu ya kiti ingawa tuko sebuleni. Halafu gogo likazama bila kutoa hata povu.

Gideoni akavuta kasia kwa nguvu zake zote, na ule mvuto wa ghafla ukakivuta chelezo upande, kikagongana na mti wa kweli uliokuwa unateremka na mto. Chungu kikapasuka. Halafu cha pili. Kona moja ya chelezo ikazama, na gurudumu moja likateleza taratibu, bila haraka kabisa, likaingia majini na pete yake ya chuma.

Mto ulikuwa umeshawasukuma mpaka kwenye maji maangavu, na pale si marefu. Gideoni aliliona likilala chini kwenye mchanga, kijani, urefu wa mtu mmoja na nusu. Akasimama, akavua shuka.

Rut akamkamata mguu kwa mikono miwili.

"Niache! Ni pale tu, naliona!"

"Na yeye anakuona."

"Bila gurudumu nimekwisha!"

"Ukiingia umekwisha leo. Bila gurudumu umekwisha mwezi ukiandama. Nachagua mwezi."

Nilimuuliza bibi kama kweli mamba alikuwepo. Akasema Rut mwenyewe hakuwahi kujua. Mpaka uzee wake alikuwa anaota gurudumu limelala chini ya maji linamsubiri, na hajui kama ni woga wake uliomwokoa mume wake au ni woga wake uliomponza.

Wakafika Ikombe na mkokoteni wa gurudumu moja. Mwenye duka hauzi gurudumu peke yake, na meli ya kuleta mengine ingefika baada ya miezi. Siku zilizobaki zilikuwa kumi na mbili. Anyosisye alikuja, akautazama ule mkokoteni umeegemea ukuta kama mtu aliyekatwa mguu, na safari hii hakutania. Alikaa chini karibu na Rut akasema, "Dada, tufanyeje?"

Rut alikuwa ameshalilaza lile gurudumu moja chini na analipima kwa viganja. Kitovu chake, miti yake minne mipana, duara la nje. Akainuka, akaenda shimoni kuchota udongo.

Yaani, alilifinyanga. Gurudumu. Alifinyanga mawili, maana mfinyanzi mwenye akili hachomi kitu kimoja. Gideoni aliposhtuka kwamba ni kweli, akasema, "Wakiusukuma mkokoteni je?" Rut akasema, "Usiseme." Hilo lilikuwa neno la Gideoni siku zote, sasa alilisema yeye.

Udongo hauharakishwi. Ukiuanika juani unapasuka, ukiuacha kivulini unachukua muda wake, na mwezi hausubiri. Siku nane Rut alikuwa anayageuza yale magurudumu kama mtoto mwenye homa, anayapapasa, anayanusa. Kila mtumbwi ukipita alikuwa anayafunika kwa mkeka. Veronika, binti yake wa miaka mitatu, ambaye ndiye mama yake bibi, alipigwa kofi moja tu maishani mwake, na ni kwa kugusa gurudumu.

Siku ya tisa wakachoma. Waliyapanga kwenye nyasi na matete, Anyosisye akawasha moto. Walisimama mbali kidogo. Mara, paa! Moja likapasuka katikati, kigae kikaruka mpaka kwenye mguu wa Gideoni. Walibaki wanalisikiliza la pili kama unavyosikiliza pumzi ya mgonjwa. Moto ukafa. Majivu yakapoa. Rut akakunja kidole, akagonga.

Likalia kama kengele.

Wakalipaka masizi na grisi iliyobaki, wakalipaka matope, na lile la mbao wakalipaka matope hayo hayo ili yafanane. Wakauegesha mkokoteni kivulini, chini ya paa, upande wa udongo ukielekea ukutani.

Siku mbili baadaye, mchana, Rut akatulia. Makasia. Hayapumziki.

Gideoni alitazama mlima. Rut akamwambia, "Leo huwezi kukimbia. Mwenye mkokoteni hakimbii." Gideoni akasimama mlangoni, na Rut alisema baadaye aliona shati lake linatetemeka mgongoni wakati hakuna upepo.

Karani Andongwisye alishuka na askari mmoja mwenye bunduki na mfuko mzito. Viatu alikuwa amevishika mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ugonile, mama," akasalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, baba. Karibuni."

"Ikombe ni ya mwisho," akasema. "Nimekuta minne. Mmoja Matema, mitatu kule bondeni. Niambie nyinyi mnao."

"Upo."

Akapumua kwa sauti. Akaenda kivulini, akauona, akaanza kutabasamu. Akazunguka nyuma, akaja upande wa ukuta, akainama. Na hapo, jamani, mkono wake ukafanya kile ambacho mkono wa kila mtoto wa huku unafanya. Akakunja kidole, akagonga.

Ngiiii.

Karani akabaki ameinama, kidole bado kimekunjwa. Mama yake alikuwa amemtuma kununua vyungu maisha yake yote ya utoto. Alijua amesikia nini. Akainua macho akamtazama Rut, na Rut akamtazama, na Rut alisema baadaye kwamba hakuona hasira katika macho yale, aliona woga, woga wa saizi ile ile ya kwake.

"Vipi?" askari akauliza kutoka uani. Akaja na mfuko wake, akauinua ili aupakie. "Sukumeni nione unavyokwenda. Na huu mfuko umenichosha."

Mfuko ulikuwa hewani tayari. Gideoni akafumba macho.

"Bwana askari," karani akasema, na sauti yake ikapanda kama ya mtoto, "usukumwe wapi?"

"Si hapo hapo tu."

"Hapo wapi? Juu ya mawe haya au ndani ya ziwa? Umeona njia yoyote tangu tushuke? Watu hawa wamenunua mkokoteni na kwao hakuna hata hatua kumi za kutembea!" Akaanza kucheka, kicheko kirefu, kisichokuwa na furaha. "Wajinga kabisa! Mkokoteni Ikombe!"

Askari akageuza shingo, akauangalia mlima, akayaangalia maji, akaangalia ule mkokoteni wa kijani uliojibana kati ya ukuta na jiwe. Naye akacheka. Akashusha mfuko chini mchangani, akaketi juu yake, akaomba maji ya kunywa.

Rut akampelekea. Hakumwaga hata tone, na mpaka leo bibi anasema hilo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyofanya Rut.

Karani akaandika akiwa amesimama, karatasi juu ya ubao wa mkokoteni, bila kuegemea. Mkokoteni mmoja. Magurudumu mawili. Akagonga muhuri, akampa Gideoni cheti. Alipompita Rut akasema kwa Kinyakyusa, chini chini, midomo haifunguki, kwamba limeiva vizuri. Halafu akaingia kwenye mtumbwi, makasia yakaanza, hayapumziki, yakaenda, yakaenda, mpaka hata masikio ya Rut hayakuyasikia tena.

Hapo ndipo Rut alipoacha kusikiliza. Alikaa chini pale pale. Gideoni akakaa naye, cheti mkononi, hajui kusoma, anakigeuza huku na huku. Anyosisye akatokea nyuma ya nyumba yake, analia na kucheka.

Na Veronika, ambaye kwa siku zile zote alikatazwa kukaribia, akaona watu wazima wote wamekaa chini hawamwangalii. Akapanda juu ya mkokoteni.

Paa!

Ulilala upande mmoja, mtoto ndani yake, vigae vimetapakaa mpaka kwenye maji. Hakuumia. Alikuwa anasubiri kofi. Kofi halikuja.

Gideoni akaokota kigae kimoja. Halafu akauliza, polepole, kama mtu anayeogopa kulitaja jambo lisije likamsikia, "Mama Veronika. Cheti ni cha mwaka mmoja. Na mwakani?"

Rut akainuka. Alikuwa ameshachukua kikapu, anakwenda shimoni kuchota udongo.